Nilivyokwenda Kuwatolea Ushahidi Ndege wa Mikuyuni

Siku hizi kila anayeleta suruali kupunguzwa kiuno anaanza na swali lile lile: "Ehe, fundi, ndege ulimwona?" Nami nikianza kusimulia mguu unasahau cherehani, na juzi nimemshonea mama mmoja wa kwaya gauni lenye mikono yote miwili ya kushoto. Kwa hiyo nimeandika. Someni kwa zamu hapa hapa barazani, msibebe karatasi kwenda nazo nyumbani, na Bura asisome kwa sauti maana ataongeza ya kwake.

Mnanijua. Mimi ni mtu wa Nangwa, na ndani ya Nangwa ni mtu wa barazani kwangu. Katesh ninakwenda nikiishiwa uzi. Nimewahi kualikwa harusi Babati, nikatuma suti ya bwana harusi iende, mimi nikabaki. Mke wangu husema hata mazishi yangu itabidi yafanyike sebuleni. Sasa mtu wa namna hiyo kuonekana amesimama barabarani na mfuko wa safari, tena na darubini shingoni, najua mlisema ninawakimbia wateja.

Sikukimbia. Shangazi Theresia alipiga simu.

Huyu ni dada mkubwa wa marehemu baba. Aliolewa Mbulu, mbele ya Dongobesh, kwenye vijiji vinavyopakana na msitu wa Nou. Chini ya nyumba yake kuna korongo lenye kijito, na humo korongoni imesimama mikuyu mikubwa ambayo marehemu mume wake hakuigusa maisha yake yote, kwa sababu kuna ndege fulani wa kijani, wenye mabawa mekundu, wanaotoka msituni kuja kula matunda yake. Wenye kusoma wanawaita shorobo. Shangazi anawaita "ndege wetu", basi. Sasa mwanawe, binamu yangu Emanueli, ambaye sote tunamwita Manu, anataka kuikata ile mikuyu apande vitunguu saumu.

Na Manu si mtu mbaya, msianze. Ana watoto wanaokula kama nzige, shamba la juu limechoka, na korongoni kuna maji na udongo mweusi. Alimwambia mama yake, "Mama, wangekuwepo ningewaachia. Walishaondoka zamani, msitu ulivyosogea. Tunawatunzia nyumba watu waliohama." Shangazi akasema wapo, anawasikia kila asubuhi. Manu akasema mama macho yamefifia, korongoni hawezi kushuka, na masikio yake yanasikia kengele ya kanisa hata siku ambayo haikupigwa.

Kwetu, kama mjuavyo, ugomvi wa mama na mwana hauamuliwi na watu wanaokula chungu kimoja. Anaitwa mtu wa kwa wajomba, anakaa, anaona kwa macho yake mwenyewe, anasema mbele ya majirani, na akishasema hakuna wa kufungua tena. Baba angekuwa hai angekwenda yeye. Nimebaki mimi.

"Shangazi," nikamwambia kwenye simu, "mimi na safari unajua tulivyo."

"Najua, baba. Ndiyo maana Manu amekukubali. Anasema wewe huwezi kudanganya, ukidanganya unacheka."

"Na nisipowaona?"

"Mwenye msumeno wa mota anakuja Jumatatu," akasema. "Njoo tu."

Katesh, na lifti ya bure

Niliondoka Alhamisi asubuhi. Hesabu yangu ilikuwa nzuri: Katesh, Dareda, kupanda mlima kwenda Dongobesh, jioni nipo kwa shangazi nakula makande, na Ijumaa alfajiri nipo korongoni na darubini niliyoazima kwa mwalimu mstaafu. Jicho moja la ile darubini lina ukungu wa kudumu, lakini nilijiambia hata mimi nina macho mawili na huwa natumia moja kutunga uzi.

Katesh nikaingia kwenye gari la Dareda. Lilikuwa karibu kujaa. "Tunaondoka sasa hivi, mzee," konda akasema. Nikakaa. Jua likapanda. Kila alipoingia abiria mmoja, mmoja wa waliokuwa wamekaa akashuka, na gari likabaki vile vile, karibu kujaa. Nilichelewa kuelewa kwamba wenzangu wote walikuwa wapiga debe waliokalishwa ili gari lionekane lina watu. Abiria wa kweli nilikuwa mimi na mama mmoja mwenye jogoo, na jogoo alikuwa ameelewa kabla yangu, amelala.

Hapo ndipo akapita Sulle na pikapu yake. Sulle mnamfahamu, yule anayezungusha chumvi ya ng'ombe kwenye maboma.

"Fundi! Umepotea?"

"Naenda Dongobesh."

"Shuka huko, panda hapa. Mimi naenda Haydom kupitia Dirma. Haydom na Dongobesh ni kama pua na mdomo."

Jiografia ya kidato cha nne nilipata F, na niliipata kwa haki. Mtu mwingine yeyote wa Hanang angejua kwamba kutoka Katesh kwenda Dongobesh kwa kupitia Dirma na Haydom ni sawa na kuingia jikoni kwako kwa kuzunguka nyumba ya jirani. Lakini nilisikia neno lifti, nikashuka. Mama mwenye jogoo alinitazama kwa huruma.

Dirma

Ambacho Sulle hakusema ni kwamba chumvi haishushwi dirishani. Kila boma tulisimama, na kila boma lilikuwa na mzee, na kila mzee alitaka kusalimiwa vizuri: watu wazima, watoto, ng'ombe, ndama, nyasi, mvua, kisha upya kwa upande wake. Nilimwambia Sulle, "Huwezi kuwasalimia kwa pamoja?" Akanitazama kana kwamba nimependekeza tuwapitie bila kusimama na kuwatupia magunia.

Mchana springi ikakatika. Sulle akaomba pikipiki akarudi Katesh kutafuta nyingine, nami nikaachwa kwenye boma moja pembeni mwa njia kulinda chumvi. Bura, najua unachotaka kusema. Ndiyo, mlinzi nilikuwa mimi.

Mwenye boma alikuwa mama mmoja wa Kibarbaig, mtu mzima, mrefu, mwenye bangili za shaba hadi karibu na kiwiko. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia, akanikalisha kivulini mwa ukuta.

"Mwenye chumvi amefuata springi," akasema. "Wewe unauza nini?"

"Siuzi kitu, mama. Naenda Mbulu kuangalia ndege."

"Ni wako?"

"Hapana, ni wa porini."

"Anakula mtama wenu?"

"Anakula matunda ya mkuyu tu."

"Ukimpata utamla?"

"Simli, mama. Nikimwona nageuka, narudi nyumbani."

Akanitazama, akatazama darubini, akatazama viatu vyangu vya kanisani. Kisha akamgeukia mkamwana wake akasema jambo kwa Kibarbaig, na yule binti akarudisha kibuyu kidogo alichokuwa amekileta akaenda kuleta kikubwa.

"Kunywa," mama akasema. "Mtu mwenye safari kama hiyo anahitaji maziwa mengi."

Nikanywa. Yalikuwa mgando, yana harufu ya moshi na vijichembe vyeusi vya mkaa wanaosafishia kibuyu, na uchachu wake ulinifumbua hata lile jicho la kutungia uzi. Nikasema nimeshiba. Akajaza. Nikasema asante nimeshiba sana. Akajaza. Baadaye Sulle alinieleza kwamba ningeacha kidogo chini wangenielewa, lakini mimi nililelewa kumaliza, na kila nilipomaliza nilikuwa naomba tena bila kujua.

Jioni ng'ombe waliporudi nikampa mama darubini atazame mifugo yake. Akaishika kinyume. Akatazama kwa muda, uso ukakunjamana.

"Kwa nini," akauliza taratibu, "unataka ng'ombe wangu wawe mbuzi?"

Nikamgeuzia. Safari hii ng'ombe dume akamjia usoni, akaruka nyuma, kisha akacheka mpaka akakaa chini, na boma zima likapanga foleni. Nililala hapo Alhamisi ile tumbo likiwa limejaa kama ngoma. Nilikuwa nikijua kabisa kwamba ile Ijumaa alfajiri niliyoipangia imeshakufa, na kwamba sasa nina Jumamosi na Jumapili tu kabla ya msumeno. Shangazi hakupiga simu kuuliza niko wapi. Afadhali angepiga.

Haydom hadi Dongobesh, nikiwa mtu wa ardhi

Sulle alirudi na springi asubuhi, na Haydom tulifika jua likiwa kichwani. Pua na mdomo, kumbe kati yake kuna uso mzima. Nikapanda basi dogo, na Dongobesh nikashuka alasiri, nikaingia kwenye mgahawa karibu na soko nipate chai wakati natafuta bodaboda.

Sasa, mfukoni nilikuwa na futi yangu ya kushonea, sitembei bila hiyo, na ncha yake ilikuwa inaning'inia nje. Shingoni darubini. Sijamaliza kikombe, mzee mmoja mwenye kofia ya pama akaja akakaa mbele yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu sana Dongobesh. Tumekungoja muda mrefu."

Nikajua shangazi ametuma mtu kunipokea. "Nashukuru, mzee. Nilichelewa Dirma."

"Si neno. Mletee mgeni chapati na maharage," akamwambia dada wa mgahawa. Kisha akasogea karibu. "Sitaki kukuamulia la kufanya. Lakini utakapoona ule mti wa pembeni, utaona mwenyewe kwamba ulikuwepo tangu enzi za baba yangu."

Nikajua anasema mkuyu. "Mzee, mimi ninachotaka ni kuuona huo mti tu. Nikishaona, nitasema nilichokiona."

"Mungu akubariki!"

Chapati zikaja. Nimekula moja na nusu, akaingia mtu mwingine, mnene, anahema, akakaa upande wa pili na sahani ya nyama choma akaisukuma mbele yangu. "Mheshimiwa, usimsikilize huyu peke yake. Huo mti kaupanda yeye, juzi juzi tu!"

Hapo ndipo nikaanza kuhisi kwamba hawa wana mti wao. Nikauliza, mnadhani mimi nani? Wakasema kwa pamoja, mtu wa ardhi, uliyekuja kupima mpaka. Nikatoa futi nzima mfukoni ili wathibitishe ni ya kushonea nguo, na ndipo nilipoharibu, kwa sababu yule mnene alisimama tayari kunionyesha pa kuanzia kupima.

"Jamani, mimi ni fundi cherehani. Kutoka Nangwa. Naenda kwa shangazi kuangalia ndege."

Sahani ya nyama ikarudi upande wa pili kabla sijafika kwenye mfupa. Mwenye kofia ya pama akamtazama mwenzake, na kwa mara ya kwanza wale majirani wawili wakakubaliana jambo: kwamba mimi ni mtu wa ovyo. Waliondoka pamoja wakiongea. Sijui mpaka wao umefikia wapi, lakini nadhani nimewasaidia kuliko vile mpimaji angewasaidia.

Korongoni

Kwa shangazi nilifika giza linaingia. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanisogeza karibu na taa anione.

"Umekonda."

"Nimekunywa maziwa ya boma zima, shangazi."

Akanipa makande. Hakuniuliza habari ya ndege wala kuchelewa. Aliniuliza habari za mke wangu, watoto, mvua ya Nangwa, na kila jibu alilisikiliza kichwa kikiwa kimeinama kidogo upande wa korongo, kama mtu aliyeacha sufuria jikoni.

Manu akaja na mabuti na koti la mvua. "Kaka, utavaa haya. Viatu vyako vitakufa." Kisha akakaa akasema masharti, mbele ya mama yake, kwa adabu. "Ndege wa kijani huku hawakosekani. Ninga ni wa kijani. Kasuku ni wa kijani. Mimi sibishani juu ya kijani. Nataka mabawa mekundu. Ukiyaona mekundu, sikati."

"Na mtu asiwatupie jiwe ili waruke," shangazi akasema. "Baba yako hakuwatupia."

"Sawa, mama. Hakuna jiwe."

Jumamosi alfajiri nikashuka. Korongo lilikuwa limejaa ukungu mpaka mikuyu ilionekana kama watu waliofunikwa shuka. Nikakaa kwenye mzizi, nikangoja. Nilisikia mtu anakanyaga juu, moyo ukaruka. Walikuwa mbega, familia nzima, wananitazama kama mimi ndiye niliyekuja kutazamwa. Nilimwona ninga. Niliona kinyonga. Mara moja nikasikia sauti nzito, ya kukwaruza, inabweka kutoka katikati ya majani, kro, kro, kro, halafu nyingine ikaitikia ng'ambo. Lakini wajomba hawatumi masikio, wanatuma macho. Nikasimama, nikageuza shingo mpaka ikalia, nikatumia jicho zima la darubini na jicho bovu pia. Majani tu.

Mchana Manu alikuwa anapalilia shamba la juu. "Shahidi, umeona nini leo?"

"Ukungu."

"Rangi gani?"

"Mwekundu," nikasema, na nikacheka palepale.

"Unaona?" Manu naye akacheka. "Ndiyo maana nilikutaka wewe." Kisha akaegemea jembe. "Unajua, kaka, mimi nimezaliwa hapa, na sijawahi kuwaona wakiruka. Nilikuwa nawasikia nikiwa mdogo. Nikakua, nikaacha kusikia. Mama anadhani nataka kumnyang'anya kitu. Mimi nataka tu watoto wangu wasihame hapa kwa njaa."

Jioni shangazi alinichemshia maji ya kuoga mara mbili.

Jumapili kabla ya misa

Manu aliamka pamoja nami. "Leo twende wote. Sitaki baadaye ije kusemwa niliwadhulumu ndege."

Ukungu ulikuwa haupo. Kwenye korongo kulikuwa na baridi safi, makuyu yameiva, mengine yamedondoka yamepasuka, nyuki wanayapigania. Tukakaa bila kusema. Kwenye vijiji vya juu watu walikuwa wanajiandaa kwenda kanisani, sauti za ndoo zinafika hadi chini.

Manu ndiye aliyemwona. Alinigusa goti.

Alikuwa kwenye tawi la pili. Nilikuwa nimemtazama muda wote nikidhani ni jani. Ndege mkubwa kama kuku mtetea, wa kijani laini kama hariri, na shingo ndefu. Kichwani ana kishungi kirefu kilichosimama, kila ncha imechovywa nyeupe. Mdomo mwekundu. Akakimbia juu ya tawi, hakuruka, alikimbia kama kindi, akachuma kuyu, akameza zima, akatulia.

"Ni yeye," nikanong'ona.

"Ni wa kijani," Manu akanong'ona.

"Mdomo huo mwekundu huuoni?"

"Hatukusema mdomo."

Akagoma kuruka. Akala. Akakimbia tawi jingine, akala. Mkia wake mweusi, mgongo wa kijani, mabawa yamekunjwa ya kijani, hata punje moja nyekundu haipo. Halafu akaingia ndani ya majani, akapotea, ingawa nilijua yupo pale pale. Nilisikia kengele ya kwanza. Safari hii ilikuwa imepigwa kweli.

Nilijua namna mambo yatakavyokwenda. Tutapanda juu, nitasimama mbele ya majirani, nitasema nimeona ndege wa kijani. Na nikisema mekundu, nitacheka. Shangazi atakuwa ameketi pale kwenye kigoda chake, kichwa kimeinama upande wa korongo.

Ndipo akatokea Mzee Lohay.

Huyu ni jirani yao, mzee sana, alikuwa anakuja kwa njia ya chini ya mikuyu, fimbo mkononi, anamtafuta mtamba wake aliyelala nje. Masikio yake yamechoka, kila mtu hapo anajua. Anakuja moja kwa moja. Niseme ukweli, nilichofanya mimi ni kuvuta kofia chini na kujikunja kama mzizi. Nilijiambia akipita bila kutuona, tutangoja, ndege ataruka wakati wake, saa yoyote kabla ya misa kwisha. Kama akituona na tusimwamkie, nitaomba radhi mwaka mzima. Mtu anayetoa ushahidi ana udhuru.

Lakini Manu hakulelewa hivyo. Sidhani hata alifikiri. Mzee alipofika hatua chache kutoka kwetu, Manu akasimama, akavua kofia, akapaza sauti kwa mtu asiyesikia vizuri:

"SHIKAMOO BABU!"

Mkuyu ukapasuka. Hawakuwa mmoja. Mmoja kutoka kwenye majani yale, wa pili juu yake, wawili kutoka upande wa kijito ambako hatukuwa tumetazama kabisa. Wote wakafungua mabawa kwa pamoja juu ya vichwa vyetu. Mimi ni fundi, nitasema kifundi: ni kama mtu aliyevaa koti la kijani miaka yote, leo amelifungua upepo ukapuliza, kumbe bitana ni nyekundu. Nyekundu kabisa. Jua ndiyo kwanza lilikuwa linaingia korongoni, likapita ndani ya yale mabawa, na kwa muda hata uso wa Manu ulikuwa na wekundu. Wakavuka kuelekea msituni wakibweka.

"Marahaba," Mzee Lohay akasema. "Hamjambo? Mama hajambo?"

"Hajambo, babu," Manu akasema. Macho yake yalikuwa bado juu.

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Ng'ombe?"

"Wazima, babu."

"Na huyu ni nani?"

Nikajieleza. Akataka jina la baba, la babu, akakumbuka ng'ombe mmoja wa babu aliyekuwa na pembe moja, akauliza kama Nangwa mvua imenyesha. Nikamjibu yote, kwa sauti, huku moyo unanipiga kama cherehani inayokimbia bila kitambaa. Hakuwahi kutazama juu. Alipomaliza akauliza kama tumeona mtamba mwekundu. Manu akasema hapana babu, mtamba hatujamwona. Akaenda zake.

Tukapanda. Katikati ya mlima nikamwuliza, "Umeona?"

"Shahidi ni wewe," akasema, na hakugeuka.

Baada ya misa

Majirani walikuja, si wengi, wakakaa uwanjani wakapewa chai. Shangazi alikuwa na kitenge chake cha kanisani. Manu alisimama nyuma kabisa, karibu na zizi. Nikasimama, na nilijaribu kusimama vile baba alivyokuwa akisimama mambo yakiwa mazito, nikagundua nimevaa mabuti ya kushoto na kulia yaliyobadilishana.

"Mimi ni wa kwa wajomba," nikasema. "Nimeshuka korongoni kwa macho yangu. Nimeona ndege wa kijani kwenye mkuyu. Ameruka. Mabawa ni mekundu."

Wakanitazama usoni, wote, kuona kama nitacheka. Sikucheka, ingawa kwa woga wale wengine watatu walikuwa wamenitoka kichwani. Mtu mmoja akaguna, akasema huenda mgeni kaona mmoja amepita tu, mmoja si ushahidi.

"Wanne," Manu akasema.

Watu wakageuka.

"Walikuwa wanne. Kaka amesema mmoja kwa sababu alikuwa amejificha kwenye kofia." Akaja mbele, akachuchumaa karibu na kigoda cha mama yake. "Nimewaona, mama. Nimewatisha mwenyewe, nilikuwa namwamkia Mzee Lohay."

Shangazi akaweka mkono juu ya kichwa cha Manu, juu ya zile nywele zinazoanza mvi, akauacha hapo kwa muda mbele za watu. Watu wakaanza kuzungumza habari za vitunguu, pa kupanda, nani ana bonde la kukodisha, kila mtu kwa pamoja.

Manu akampigia mwenye msumeno. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Yule bwana anakaa ng'ambo ya kilima, na Jumatatu huondoka nyumbani mapema. Manu akatazama jua, akavua koti la kanisani akaliweka kwenye mkono wa mama yake, na akaondoka kwa miguu, kwa haraka, kwenda kumzuia. Waliniuliza kama sitamsindikiza. Nikawaambia tangu Alhamisi nimeshasafiri kwa maisha yangu yote na sehemu ya maisha ya watoto.

Majirani walipotawanyika nikabaki na shangazi. Alikuwa anapapasa bitana ya koti la Manu kwa vidole.

"Wakiruka," akasema, "wekundu unaanzia begani au katikati ya bawa? Nimesahau."

"Katikati, shangazi. Unakwenda hadi karibu na ncha."

"Hata mimi nilidhani katikati," akasema. Akasogeza kigoda kunipa nafasi. "Kaa. Nieleze vizuri. Anza pale walipokuwa bado wametulia."

Nikakaa.